Usinyooshe Ukurasa wa Mwisho

Jumatatu, 5 Novemba

Ukungu. Mji wote wa Mantova umemezwa. Nimegonga baiskeli iliyoegeshwa, nikaiomba radhi. Ndivyo wiki ilivyoanza.

Maktaba imefunguliwa kwa kuchelewa, kama kawaida — mkurugenzi wetu, Dokta Pavesi, hawezi kutia ufunguo mlangoni kabla ya kahawa ya pili. Ndani baridi ya kaburi. Wasomaji tulikuwa wawili: mimi na Don Attilio, padri mstaafu, ambaye kila asubuhi huagiza kitabu kikubwa kuliko vyote, hukisimamisha mbele yake kama ukuta, kisha husinzia nyuma yake hadi mchana.

Mimi na Zanchetta tena. Maffeo Zanchetta, mchapishaji, marehemu wa miaka mia tano na ushei. Enzi zile uchapaji ulikuwa kitu kipya, na kila mwenye Kilatini chake alitaka kuona jina lake kwenye karatasi. Nachukua nakala zake za kitabu kilekile, nazilinganisha mstari kwa mstari. Hii ina koma. Ile haina. Kwa hiyo mtu alisimamisha mtambo katikati ya kazi akarekebisha. Ndiyo tasnifu yangu hiyo. Koma!

Profesa Malagoli, msimamizi wangu chuoni, kaniambia kwenye simu kwamba tasnifu yangu ni safi mno, ila haina damu. Nimekasirika siku nzima kwa sababu ni kweli.

Na damu itoke wapi? Kitabu chenyewe ni hotuba za Bassiano Lorredi, mwalimu wa shule wa hapahapa, akiwasifu wakubwa. Kila mtawala ni jua. Kila mke wa mtawala ni mwezi. Msomaji anabaki gizani. Nimekaa na mzee huyu miaka yote hii na sijawahi kumkuta akitabasamu.

Mchana nimeshuka chini kwa Shangazi Ilde. Karakana yake iko chini ya ngazi — ndiye anayetibu vitabu vya maktaba, tangu kabla sijazaliwa. Vitabu vinaingia kwake vimekunjamana, vimelowa, vimetafunwa. Vinatoka vimeoga na kunyooka. Kabla sijakaa ameshanikamata kola. Ameniuliza kama shati nimelivaa au nimelilalia. Huyu mwanamke ananyoosha kila kitu: leso, soksi, mifuko ya karatasi ya sokoni. Baada ya mama kufa ndiye aliyenilea, na mimi pia kaninyoosha, kwa kadiri ilivyowezekana.

Tumekula mkate na salami, naye akanipa habari. Maonyesho yanafunguliwa tarehe ishirini na nne: hazina za maktaba, meya, divai, hotuba. Na Pavesi amechagua Lorredi wangu! Si kwa ajili ya Lorredi, hapana. Ni kwa ajili ya ukurasa wa mwisho, uliobaki kwenye nakala hii tu, wenye alama ya Zanchetta: nungunungu aliyetulia, na chini yake nafasi tupu. Ukurasa huo umelegea kwenye mshono na umekunjamana kwa unyevu. Shangazi atauosha Jumatano ijayo na kuubana kwenye mashine yake. Itakuwa kazi yake ya mwisho kabla ya kustaafu.

Nungunungu atakuwa safi kuliko mimi.

Jumanne, 6 Novemba

Koma. Don Attilio anakoroma Kilatini.

Alhamisi, 8 Novemba

Naandika mbiombio, sijui kama nitasoma mwandiko huu kesho.

Ukungu umepasuka leo, karibu na saa ya chakula. Jua limeingia kwa dirisha la pembeni, jua la Novemba, la chini chini, linalopita juu ya meza likiwa limelala. Nilikuwa nimefika ukurasa wa mwisho. Nungunungu juu. Chini hakuna kitu — nimeshauangalia utupu ule mara chungu nzima.

Kumbe si utupu! Kuna herufi. Mistari mizima ya herufi, haina wino, imeingia ndani ya karatasi kama alama ya meno kwenye jibini.

Nimepiga kelele. Don Attilio ameamka akajibu "Amina."

Nijieleze taratibu maana hata mimi nahitaji kutulizwa. Pale ukurasa ulipotakiwa kubaki mtupu, wachapaji walikuwa hawaachi shimo, karatasi ingebonyea na kuchafuka. Walijaza kwa herufi za madini ya risasi zilizokuwa karibu, mistari ya kazi nyingine yoyote, bila kuipaka wino. Kisha mtambo ukashuka kwa nguvu zote. Wino hakuna, lakini uzito ule uliacha alama. Nilishasoma habari hizi. Nilishawaeleza wenzangu habari hizi, kwa kujidai! Na sikuwahi kuinamisha taa hata mara moja. Nilikuwa kwenye koma.

Wingu likapita, zikatoweka. Nimewasha tochi ya simu nikailaza juu ya meza. Zikarudi. Nimeizima, nimeiwasha, nimeizima. Pavesi amekuja kuuliza kama nawaita polisi.

Sijamwambia. Sijamwambia mtu. Nataka kulala nazo usiku mmoja peke yangu.

Ijumaa, 9 Novemba

Nimesoma siku nzima shavu likiwa juu ya meza. Shingo imekufa. Nimefurahi mpaka naona aibu.

Si hotuba. Si jua wala mwezi. Ni sentensi fupi fupi za Kilatini chepesi, za kufundishia watoto. Naziandika kama nilivyozielewa:

Mwalimu anakohoa. Nani ameficha kofia ya mwalimu?

Ukimuuliza Petro, atasema Antonio. Ukimuuliza Antonio, atalia.

Leo mvua inanyesha na paa linavuja. Linavuja juu ya nani? Juu ya mwalimu.

Nimecheka peke yangu kama chizi. Na juu ya mistari, kipande cha jina: "-SSIANI LORR-". Ni yeye! Bwana Jua-na-Mwezi! Washindani wa Zanchetta walilalamika kwa maandishi kuwa kitabu cha shule cha Lorredi kinawafundisha watoto utundu. Hakuna nakala iliyowahi kuonekana popote — vitabu vya shule huisha mikononi mwa watoto, hutafunwa, huchorwa, husahauliwa kwenye mvua. Na vipande vyake vimekaa hapa, chini ya tumbo la nungunungu, karne zote hizi, vikisubiri mtu awe na akili ya kuinamisha taa.

Kumbe mtu niliyemvumilia miaka yote alikuwa mchekeshaji.

Nimempigia Malagoli. Akaniuliza kama nimekunywa. Kisha nikasikia kiti kikianguka upande wake. Nimemtumia picha za simu. Anasema zinafanana na ukuta uliochubuka, hakuna atakayetuamini kwa picha hizo. Chuo kina kamera ya kazi hiyo, yenye taa za pembeni, lakini iko kwa watu wengine hadi Desemba. Kabla ya hapo, amesema, ukurasa ule usiguswe. Usilowe. Usibanwe. Tone moja la maji, mgandamizo mmoja, na karatasi itasahau kila kitu.

Nikasema ndiyo, ndiyo, bila shaka.

Nimekata simu ndipo nikakumbuka Jumatano.

Sawa. Si jambo kubwa. Nitamwambia Shangazi.

Jumapili, 11 Novemba

Sikukuu ya San Martino. Chakula cha mchana kwa Shangazi: tambi za tortelli zilizojazwa maboga, njugu za chestnut za kuchoma, divai mpya inayouma ulimi. Nilikwenda nimejiandaa. Sentensi ya kwanza niliifanyia mazoezi kwenye lifti.

Kabla sijavua koti akanivuta chumbani. Juu ya kitanda, koti jipya. La buluu. Shangazi hajanunua koti tangu sarafu ya lira ilipokufa! Akaniambia ni la siku ya ufunguzi. Pavesi ameagiza jina lake liandikwe ukutani, kwa herufi kubwa, kando ya kabati la nungunungu, na picha mbili: ukurasa kabla, ukurasa baada. Kazi ya Ilde Gobbi. Alilisema jina lake polepole, kama la mtu aliyekuwa akimsikia tu kwa sifa.

"Miaka yote wanatazama vitabu," akasema, "hakuna anayeuliza nani aliviosha uso."

Nikasema koti limempendeza. Nikala tortelli. Nikaongeza. Nikaongeza tena mpaka akaniuliza kama nina mimba.

Kwenye kahawa nikajaribu kuzunguka. Nikamuuliza, kama mtu asiye na haja, je, kuna ukurasa ambao ni bora uachwe na makunyanzi yake? Akanitazama kama nimemuuliza kama kuna mtoto ambaye ni bora aachwe na makamasi.

Nimerudi nyumbani na sahani ya chestnut na uoga wangu.

Jumatatu, 12 Novemba

Nimekwenda kujificha nyuma ya Pavesi. Mkurugenzi ni mkurugenzi, nikafikiri, atoe amri yeye, mimi nibaki mpwa mwema.

Nimefunga mlango, nimezima taa, nimemwonyesha. Amevua miwani, ameivaa. Amefurahi kweli — kwa dakika moja hivi alikuwa mtoto. Halafu akawa mkurugenzi tena. Mabango yameshachapwa, akasema, "kabla na baada" ndiyo kichwa cha maonyesho, na ukurasa wenyewe ulivyo sasa unafanana na shuka la kapera. Akauliza, sasa Ilde anasemaje?

Nikasema bado sijamwambia.

Akacheka, kisha akaona sicheki. Akasema yeye anaweza kubadilisha bango, anaweza kumdanganya meya, hata askofu, lakini hashuki zile ngazi kumwambia Ilde Gobbi asinyooshe karatasi. "Hiyo ni ya familia, dada yangu. Mimi nina watoto." Maktaba ina mkurugenzi jasiri.

Mchana likanijia wazo, natamani lisingenijia. Kama ukurasa huu una herufi zilizofichika, na vingine je? Maktaba ina vitabu vingi vya Zanchetta, rafu nzima. Vyote vina nafasi tupu mwishoni. Nikaviagiza. Don Attilio akanisaidia kubeba, akiamini ni toba.

Nimeinamisha tochi juu ya kila kimoja.

Tambarare. Tambarare. Tambarare. Kurasa nyeupe, laini, nzuri za kushangaza, hazina hata kivuli. Nimezijua mara moja, kama unavyojua nguo zilizonyooshwa na mtu wa nyumbani kwenu. Shangazi aliitibu rafu ile nzima nilipokuwa shule ya msingi. Nakumbuka harufu ya gundi. Nilikuwa nakaa chini ya meza nachora.

Nimezima tochi nikakaa. Si ukurasa mmoja tena. Nikimwambia asiuoshe huu, ataniuliza kwa nini. Na nikimjibu kwa nini, atahesabu mwenyewe.

Naweza kumwacha aoshe. Naweza! Ningebaki na picha za ukuta uliochubuka, na koma zangu, naye angevaa koti la buluu akasimama chini ya jina lake. Nimeliwaza hilo kwa makini, naliandika hapa ili nisijidanganye baadaye.

Lakini paa linavuja juu ya mwalimu! Nani mwingine atamjua?

Jumanne, 13 Novemba

Mbinu ya leo: kukaa na kitabu. Kanuni za maktaba ni wazi, kitabu kilicho mikononi mwa msomaji hakichukuliwi na mtu, hata karakana. Nimekiagiza mlango ulipofunguliwa na sikukiachia. Sikunywa maji. Sikwenda msalani. Don Attilio akaniuliza kwa upole kama nimeweka nadhiri.

Saa kumi Shangazi akapanda mwenyewe, aproni na yote. Chumba kizima kilinyooka — maana yake mimi na Don Attilio. Akasimama nyuma ya kiti changu. Alikuwa anakuja kutazama tu, akasema, mgonjwa wake wa kesho anaendeleaje.

Akanyoosha mkono. Akapitisha kidole kwenye nafasi ile tupu, taratibu, kama daktari. Akasema karatasi nzuri sana hii, ya viwanda vya Fabriano pengine, ila imeota vipele. Si kitu. Vipele vyote vya hawa akina Zanchetta vinaisha vikibanwa vizuri.

Vipele!

Nikasema, "Shangazi—"

"Nini?"

"Hakuna. Kola yako imekunjamana."

Haikuwa imekunjamana. Haijawahi kukunjamana. Akaigusa hata hivyo, akashuka. Nimejichukia mpaka nyumbani.

Jumatano, 14 Novemba

Naandika kwenye ngazi, daftari juu ya goti. Hairuhusiwi kukaa hapa. Basi waje wanifukuze.

Asubuhi nimekuta kitabu hakipo juu. Shangazi alikichukua Pavesi alipofungua tu, kabla ya kahawa hata ya kwanza, na yule jasiri akampa. Nimeshuka ngazi nusu kwa miguu nusu kwa makalio.

Ukurasa ulikuwa tayari umetoka kwenye mshono, umelala juu ya kitambaa. Beseni limejaa. Yeye anapima joto la maji kwa kiwiko, kama la kuogesha mtoto. Nikasema, "Shangazi, usiuoshe." Ile sentensi ya kwenye lifti ilikuwa ndefu na yenye heshima. Hii ndiyo iliyotoka.

Hakukasirika. Aliniuliza tu kwa nini, mikono ikiwa hewani, inachuruzika. Nimefunga dirisha, nimezima taa ya dari, nimelaza simu juu ya meza kando ya nungunungu.

Ameinama. Miwani ameipandisha, ameishusha. Amekaa hivyo muda mrefu hadi nikafikiri haoni. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, inasema nini. Yeye hakusoma Kilatini.

Nikamtafsiria. Mwalimu anakohoa. Kofia. Petro, Antonio. Nilipofika kwenye paa linalovuja akacheka — kicheko kile cha kweli, cha tumboni, ambacho mimi hukipata labda mara moja kwa mwaka. Akataka nirudie. Nikarudia. Akacheka tena, akajifuta macho kwa mkono wenye maji. Akasema mtu huyu angefaa kuwa jirani. Na mimi nikacheka, mjinga mimi, nikajua yamekwisha, nimepona, tumepona wote. Nikaanza kumweleza habari za kamera, za Malagoli, za kiti kilichoanguka.

Akaniacha nimalize. Ameukausha mkono, kidole kimoja kimoja.

"Na vile vingine?"

Nikauliza vingine vipi.

"Usijifanye mtoto, Armida. Umeshavitazama. Don Attilio kaniambia ulibeba rafu nzima."

Nikasema vingine havikuwa na kitu. Ni kweli, nilisema ukweli mtupu! Akatikisa kichwa. Akasema yeye alivigusa vyote. Vyote vilikuwa na vipele. Alifurahi kila vilipoisha, alikuwa akimwita Pavesi, na kabla ya Pavesi yule mkurugenzi mwingine, aje apitishe kidole. Wakipitisha, wakimsifu.

Nimemwambia hakuna aliyejua. Hakuna! Wakurugenzi hawakujua, maprofesa hawakujua, mimi mwenyewe mwenye kujidai nilihitaji jua linigonge. Nimesema asingekuwa yeye vitabu vile vingekuwa unga kwa sasa, kuvu lingevila. Yote kweli. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama anavyomwitikia fundi wa mabomba.

Kisha akamwaga beseni. Akaufunika ukurasa wa Lorredi kwa karatasi, wala hakuubana na kitu. Akaniambia twende juu. Tumevishusha vyote, mikono miwili miwili, rafu yote ya Zanchetta. Pavesi ametokea mlangoni, ametutazama usoni, amerudi ofisini kwake kimyakimya.

Akaniagiza nishike tochi ya simu na mkono usitetemeke. Yeye anafungua, mimi nalaza mwanga. Cha kwanza hakuna. Cha pili hakuna. Anageuza kila kitabu upande huu na huu, anakiinua kwenye macho, anakishusha. Nimemwambia tupumzike, tule kitu. Hakusikia. Nimemwambia kuhusu koti la buluu, upuuzi tu, nilitaka kusikia sauti yake. Hakuna.

Na sasa hivi, kwenye kitabu kimoja kidogo karibu na mwisho wa rafu, amenishika mkono kwa nguvu.

"Hapa. Kuna kitu hapa. Naona herufi. Unaona?"

Nimeinama. Nimesogeza mwanga kushoto, kulia, chini kabisa. Karatasi laini. Laini kama shuka la arusi. Hakuna herufi, hakuna kivuli, hakuna chochote, na kidole chake kipo pale, kimebonyeza, kinasubiri. Sijawahi kuona uso wake ukinitazama hivyo, mimi ndiye niliyekuwa nikimtazama hivyo kutoka chini ya meza.

Nikasema mwanga huu ni hafifu. Nikasema ngoja nikalete taa yenye nguvu.

Taa yenye nguvu iko mfukoni mwangu tangu asubuhi; nimetoka tu nisimwambie hakuna kitu. Ananiita.